Taya Linauma Mbele ya Sikio: Usikubali Jino Ling'olewe Kwanza

Maumivu ya kiungo cha taya ni madanganyifu. Yanaanzia mbele ya sikio, yanapanda hadi kwenye panja, yanashuka kwenye magego, na asubuhi mtu anaamka akilalamika kichwa. Ndiyo maana hapa Arusha na kule Moshi utakuta mgonjwa amezunguka sana: kwanza duka la dawa, akapewa amoksilini na metronidazo, halafu matone ya sikio, mwisho kiti cha kung'olea meno. Gego limetoka, maumivu yamebaki palepale, na gego la mtu mzima likishatoka haliji lingine. Nimeandika mwongozo huu ili uweze kukitambua kiungo chako na kukipumzisha, na ujue siku ya kwenda hospitali ukiwa bado na meno yako yote.

Kinachotokea ndani

Taya la chini limeshikana na fuvu kwa viungo viwili, kimoja kila upande, mbele kidogo ya tundu la sikio. Mdomo unapoanza kufunguka, kichwa cha mfupa kinazunguka mahali pake. Ukifunguka zaidi, kinateleza kwenda mbele. Kati ya mfupa na mfupa kuna kisahani laini, ambacho kazi yake ni kama ya ngata kati ya kichwa na ndoo ya maji: kinaugawa mzigo usiegemee sehemu moja. Kisahani hicho kikisogea mbele ya mahali pake, kila unapofungua mdomo mfupa unakirukia na kukikalia tena, ndipo unaposikia "ta!" mbele ya sikio.

Mlio huo ukiwa peke yake, bila maumivu na mdomo unafunguka vizuri, uache. Watu wengi wanaishi nao miaka na miaka bila kudhurika. Usilipe fedha ili uondolewe mlio.

Mara nyingi kinachouma hasa ni misuli: ule mnene wa shavuni, na ule mpana wa kwenye panja. Imechoka kwa kukazwa mchana na usiku. Tatizo hili linawapata wanawake zaidi ya wanaume, na zaidi watu wa kati ya miaka 20 na 40, umri ambao mtu ana watoto wadogo, marejesho ya mikopo na kazi isiyotabirika.

Neno moja kwa wenzetu wanaoishi kwenye miteremko ya Meru, ambako maji ya maeneo mengi yana floridi nyingi. Wengi hudhani meno yao ya kahawia ndiyo chanzo. Rangi ile inatokana na floridi iliyoingia mwilini utotoni, wakati meno yanaumbika. Haileti maumivu ya kiungo cha taya, na kuyang'oa meno hayo hakutayatibu.

Hatua ya kwanza: hakikisha si dharura

Kabla hujachemsha maji ya kukanda, pitia mambo haya bila haraka, kwa sababu taya hubeba pia maumivu ya sehemu nyingine za mwili.

Kama taya linauma unapopanda kilima au kutembea haraka na linatulia ukipumzika, au limeanza ghafla pamoja na kifua kubana, jasho jembamba na pumzi kuwa fupi, huenda tatizo ni moyo. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na usiendeshe gari wala pikipiki mwenyewe.

Mdomo ukigoma kufunguka siku kadhaa au wiki chache baada ya kuchomwa na msumari au kujikata na jembe, na shingo au mgongo ukaanza kukakamaa, fikiria pepopunda. Hapo hakuna cha kukanda wala kuchua. Ni hospitali tu.

Shavu au chini ya kidevu pakivimba, ukiwa na homa na kumeza kunakuwa kugumu, kuna uwezekano usaha wa jino umesambaa, na unaweza kuziba njia ya hewa. Usingoje kesho.

Aliyeanguka na bodaboda akagonga kidevu apigwe picha hata kama kidonda ni kidogo, hasa akihisi meno hayakutani kama zamani. Kidevu ndicho kinachopigwa, lakini mara nyingi mfupa unavunjikia juu, karibu na sikio, mahali ambapo macho hayaoni.

Kuna jambo lingine ambalo familia nyingi hupotezea muda mwingi. Mtu amepewa dawa ya kuzuia kutapika aina ya metoklopramidi, au dawa ya magonjwa ya akili kama haloperidoli. Baada ya saa au siku chache taya linapinda, ulimi unatoka, shingo inajikunja, macho yanageukia juu. Wanaomzunguka wanaanza kukemea mapepo. Hiyo ni athari ya dawa, ina dawa yake hospitalini, na kwa kawaida hutulia upesi baada ya kutibiwa. Mpelekeni na mchukue vile vidonge alivyomeza daktari avione.

Wazee waliovuka miaka 50 wakipata maumivu mapya ya panja, taya likawa linachoka wakitafuna, na macho yakaanza kufifia, wasisubiri hata siku moja. Ugonjwa huo ni nadra kwetu lakini unaweza kupofusha. Na yeyote mwenye kivimbe kinachokua, ganzi ya mdomo wa chini au kidevu, au anayekonda bila sababu, aonwe na daktari mapema.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, endelea.

Hatua ya pili: jipime mbele ya kioo

Weka ncha za vidole vya kati mbele ya masikio yote mawili, pale penye kijinyama kidogo kinachofunika tundu. Fungua na kufunga mdomo taratibu. Utahisi mfupa ukisogea chini ya vidole. Je, upande mmoja unauma kuliko mwingine? Unahisi mlio laini, au mkwaruzo kama mchanga? Mkwaruzo huonekana zaidi kiungo kikishaanza kulika, hasa kwa watu wazima.

Tazama kidevu kwenye kioo. Kinashuka wima au kinakwenda upande? Kikielekea upande mmoja na kubaki hukohuko hadi mwisho, aghalabu kiungo cha upande huo ndicho kilichokwama.

Kisha jaribu kuingiza vidole vyako vitatu, cha shahada, cha kati na cha pete, vikiwa vimesimama kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Vikiingia bila shida, mdomo wako unafunguka kawaida, kama milimita 40 au zaidi. Vikiingia viwili tu, andika tarehe. Utaihitaji ukienda kwa daktari.

Mwisho bonyeza misuli. Uma meno kidogo, utahisi msuli wa shavu ukituna. Legeza, kisha ubonyeze taratibu kwa vidole viwili. Fanya hivyo na kwenye panja. Ukikuta mahali panapotoa maumivu yaleyale unayoyajua, na hasa yakikimbilia kwenye gego au kichwani, umepata jibu kubwa kuliko picha nyingi za mionzi.

Jino bovu lina tabia nyingine. Linastushwa na maji baridi au chai ya moto, linauma likigongwa kidogo kwa kijiko, na mara nyingi mwenye nalo anaweza kulinyooshea kidole kimoja. Mwenye shida ya kiungo huweka kiganja kizima shavuni. Maumivu ya sikio la nje huongezeka ukivuta ndewe. Na kama ni mipigo mikali kama ya umeme, ya sekunde chache, inayochochewa na kunawa uso au upepo, huo ni ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa uso na una dawa zake tofauti kabisa.

Hatua ya tatu: tafuta kinacholichosha taya

Hatua hii hurukwa na wengi kwa sababu haina kidonge, lakini kwa maoni yangu inazidi nyingine zote.

Meno ya juu na ya chini hayapaswi kugusana muda wote. Yanakutana wakati wa kutafuna na kumeza, basi. Ukijumlisha siku nzima ni dakika chache tu. Sasa jiangalie ukiwa kwenye daladala lililojaa, ukihesabu fedha za marejesho, ukishona, ukiendesha gari la watalii kwenye makorongo, au ukisoma ujumbe wa simu usioupenda. Meno yako yako wapi? Kama yamebanana, misuli inafanya kazi bila malipo. Baridi ya Juni na Julai nayo humfanya mtu ajikunyate, ainue mabega na kuuma meno bila kujua.

Mazoea mengine ninayokutana nayo ni kufungua chupa za soda kwa meno, kumenya muwa, kung'ata kucha, kutafuna bigijii kutwa nzima, kubana simu kati ya sikio na bega, kulala kifudifudi, na kutafunia upande mmoja kwa sababu upande wa pili una pengo. Mirungi nayo, mbali na kuwa ni marufuku kisheria, humfanya mtu atafune kwa saa nyingi mfululizo, na taya hulipa gharama hiyo. Wanaobeba mizigo kichwani, wakiwemo wapagazi wa mlimani, wachunguze shingo zao pia, maana shingo ikikakamaa taya nalo hukaza.

Dawa yake ni kulifundisha taya mkao wa kupumzika. Anza kutamka "ndizi" lakini uishie kwenye "nnn". Ona ulimi ulipo: ncha yake imegusa nyuma ya meno ya juu, na meno yameachana. Funga midomo bila kuyakutanisha meno, shusha mabega, vuta pumzi kwa pua. Huo ndio mkao wa taya mchana kutwa. Bandika kipande cha karatasi kwenye simu, kwenye usukani, kwenye cherehani, na kila ukikiona rudia. Siku za mwanzo utashangaa ni mara ngapi unajikuta umebana meno.

Kusaga meno usiku ni kugumu zaidi kwa sababu mtu amelala. Mwambie unayelala naye asikilize, na uangalie kama meno yamekuwa bapa. Pombe, sigara, na kahawa ya jioni huongeza. Baadhi ya dawa za sonona huongeza pia, lakini usiziache mwenyewe. Zungumza na aliyekuandikia. Anayekoroma sana na kushtuka usingizini akikosa hewa amweleze daktari hilo pia. Na mzigo wa moyo una sehemu yake. Mwenye mkopo wa kausha damu unaodaiwa kila wiki hawezi kuambiwa "acha mawazo" akaacha. Anachoweza ni kuzungumza na mtu anayemwamini, na kujipa nusu saa kabla ya kulala bila simu wala hesabu. Hilo halilipi deni, lakini misuli hupata nafasi ya kulegea kabla ya usingizi.

Hatua ya nne: lipumzishe kwa chakula

Kwa wiki mbili hivi, kula vitu laini. Kwa bahati njema jikoni za huku zina vya kutosha. Mtori ndicho chakula ninachokipendekeza kwanza. Una ndizi, una nyama iliyosagika, na unashibisha bila kutafuna. Kiburu kilichopondwa vizuri, uji wa lishe, maziwa mgando, parachichi, mayai, samaki asiye na miba, wali uliolainika, ugali mlaini na mlenda, maharage yaliyopondwa, papai. Loshoro nayo inafaa ikiwa mahindi yameiva hadi yakalainika.

Achana kwa muda na nyama choma, mishikaki, makande yenye punje ngumu, mahindi ya kuchoma, miwa, karanga na chapati zinazovutika. Tunda kama tufaha au embe bichi likatwe vipande vidogo, usiling'ate zima. Gawa tonge kati ya pande mbili za mdomo.

Ukipiga mwayo, bandika ulimi juu ya kaakaa na uweke ngumi chini ya kidevu ili mdomo usipanuke sana. Usilichezee taya ili lilie. Lakini pia usiishi kwa uji miezi mitatu. Maumivu yakipungua, rudisha chakula kigumu kidogo kidogo, la sivyo misuli inadhoofika.

Hatua ya tano: joto, kuchua na mazoezi

Loweka taulo dogo kwenye maji ya moto, likamue, ulijaribu kwanza kwenye mkono, kisha uliweke shavuni na kwenye panja kwa dakika 15 hadi 20. Fanya mara 2 au 3 kwa siku. Joto linafaa msuli uliokaza. Kama maumivu ni mapya na makali baada ya kuumia, siku 2 za kwanza tumia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 10 kwa mara moja. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja.

Baada ya joto, chua msuli wa shavu kwa kuzungusha vidole polepole kwa dakika 2 au 3 kila upande. Mafuta ya nazi au ya alizeti yanatosha. Anayekusaidia asikandamize kwa nguvu, na asijaribu kulinyoosha taya.

Maumivu makali yakishatulia, anza mazoezi. Ulimi ukiwa juu ya kaakaa, fungua mdomo taratibu hadi ulimi unapokaribia kuachia, kisha funga. Angalia kwenye kioo kidevu kishuke wima. Mara 6 hadi 10, mara kadhaa kwa siku. Zoezi la pili: weka kidole gumba chini ya kidevu na ufungue mdomo kidogo huku kidole kikizuia kwa upole, sekunde 5, kisha legeza. La tatu ni la shingo: kaa wima, rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, sekunde 5, mara 10. Kuvuta kidogo kunakubalika. Maumivu yakichoma au yakibaki baada ya zoezi, punguza.

Dawa, na tahadhari zake

Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, ibuprofeni miligramu 400 mara 3 kwa siku baada ya chakula, kwa siku 5 hadi 7, husaidia. Asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au wa moyo, mjamzito, anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, wala mwenye pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo. Mwenye presha aulize kwanza. Usichanganye ibuprofeni na diklofenaki. Ni ndugu, na madhara yake yanajumlishana. Asiyeweza kuitumia atumie paracetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6 hadi 8, visizidi 8 ndani ya saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini, au mtu mwepesi sana, aulize kipimo chake.

Antibayotiki haitibu kiungo cha taya. Na ukipewa kikaratasi chenye vidonge vya mchanganyiko visivyo na majina, rudisha. Ndani yake huenda kuna steroidi, ambayo huficha maumivu huku ikipandisha sukari na presha.

Ukienda hospitali

Watu wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache kwa hatua hizo. Nenda kama wiki 4 zimepita bila mabadiliko, au mapema zaidi kama mdomo unazidi kubana. Hali ya kuogopwa ni hii: mlio uliouzoea umepotea ghafla, na tangu siku hiyo vidole viwili tu ndivyo vinavyoingia. Kisahani kimekwama mbele, na mapema ni bora kuliko baadaye.

Omba kuonwa na daktari wa kinywa na meno. Arusha kuna Hospitali ya Mount Meru, Moshi kuna Mawenzi na KCMC, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda na ina fiziotherapia na chuo cha kuifundisha. Mtaalamu wa fiziotherapia ni msaada mkubwa kwa taya na shingo, ingawa wagonjwa wengi hawajui kwamba anahusika.

Nenda na maelezo mafupi: maumivu yalianza lini, vidole vingapi vinaingia, yanazidi asubuhi au jioni, dawa ulizotumia. Asubuhi huelekeza kwenye kusaga meno usiku. Jioni huelekeza kwenye kukaza mchana.

Unaweza kushauriwa kinga ya meno ya usiku, inayotengenezwa kwa kufuata umbo la meno yako. Inalinda meno yasilike na inapunguza mzigo, lakini haiondoi tabia ya kusaga. Uliza bei kabla ya kuchukuliwa kipimo, na uliza kama bima yako inagharamia. Kuwa mgumu kukubali matibabu yasiyorudishika: kung'oa jino lisilo na ugonjwa, au kusagwa meno mazima ili "yakutane vizuri". Uliza, kwa heshima: "Daktari, jino hili lina ugonjwa gani, na umeuonaje?" Daktari mzuri hachukii swali hilo. Kwa kiungo kilichokwama kuna njia ya kukisafisha kwa sindano, na upasuaji mkubwa ni wa wachache.

Kwa bibi na babu wenye meno bandia ya siku nyingi, yakaguliwe. Yakishalika, taya hupanda juu kuliko inavyostahili kila wakitafuna, na kiungo huchoka.

Taya likitoka mahali pake

Mtu amepiga mwayo mkubwa, mdomo umebaki wazi na hauwezi kufungwa, mate yanatiririka, maneno hayatoki. Mwekeni ameketi, mpeni kitambaa, mtulizeni, mpelekeni hospitali. Mtu asiyefundishwa asilisukume. Anaweza kuvunja mfupa au kuumwa vidole. Daktari hulirudisha kwa kulisukuma chini kisha nyuma, na likirudishwa mapema huwa rahisi zaidi kabla misuli haijakaza.

Baada ya hapo, wiki 2 hadi 3 za chakula laini, mdomo usipanuliwe sana, na ngumi chini ya kidevu kila mwayo. Likitoka tena na tena, usizoee kulirudisha na kwenda nyumbani. Omba rufaa kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa na mataya, kwa kuwa taya linalotoka mara kwa mara lina matibabu yake.